Wasiwasi wa kwenye Inside Out 2: tuwafundishe watoto kumpa kiti au kumfukuza?

Mama Nuru (mwanzisha mada)

Wazazi wenzangu, nalileta hili kwenu maana nyumbani limeshatugawa pande mbili.

Jumamosi baada ya chakula cha usiku tuliketi kuangalia Inside Out 2, ile katuni ya Pixar ya 2024. Tulikuwa mimi, binti yangu wa darasa la saba, mdogo wake wa miaka sita, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Bibi Kiingereza hakimpandi, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi. Balaa lilianzia hapo.

Kwa ambao hamjaiona: Riley wa sehemu ya kwanza, ile ya 2015, sasa katimiza miaka 13. Kichwani mwake wanaishi Furaha, Huzuni, Hasira, Woga na Kinyaa, wanaendesha mitambo. Usiku mmoja king'ora cha balehe kinalia, mafundi wanaingia na nyundo kubomoa, na asubuhi mtoto anaamka anamfokea mama yake, mara analia, mara anajiona ananuka. (Mwenye binti wa umri huo hahitaji mkalimani hapo.) Kisha wanawasili wageni wanne. Wivu, kile kidogo chenye macho makubwa, hakikunipa tabu. Yule anayejilaza kwenye kochi na simu mkononi, binti yangu aliniwahi: "Huyo kaboeka, mama." Bonge linalojificha ndani ya kofia ya sweta nikaliita Aibu. Na yule wa rangi ya chungwa, nywele zimesimama, kaja na mizigo kama anahamia, nikamwita Wasiwasi.

Bibi akashika kichwa. "Audhubillahi! Mtoto ana wasiwasi kichwani na nyie mnacheka?"

Kwake yeye wasiwasi ni ule wa Kul audhu birabbin-nasi, mnong'ono wa shetani kifuani. Wa namna hiyo hasalimiwi wala hapewi kiti. Anasomewa, anakwenda zake. Sasa kwenye filamu Wasiwasi anapora usukani, anawafungia wenzake na kuwatupa nje, anamgombanisha mtoto na rafiki zake Bree na Grace, halafu mwishoni anakalishwa kwenye kiti chake mwenyewe na chai juu! Bibi anauliza, mwizi akishakamatwa sebuleni ndiyo anapewa chai?

Mimi niko upande wa filamu, kwa sababu ya tukio moja. Riley amemgonga Grace kwenye mpira wa magongo wa barafuni, katolewa dakika mbili, yuko peke yake kwenye kibanda cha adhabu. Mkono kifuani, pumzi inakwenda mbio, na kule kichwani Wasiwasi anazunguka mitambo kama kimbunga. Mdogo alijificha kwenye khanga yangu. Mkubwa kimya. Nilipogeuka nikamkuta naye kaweka mkono pale pale kifuani.

Taa zimeshazimwa, akaja chumbani. "Mama, mimi huwa napata vile. Siku za mtihani wa majaribio." Tangu lini? "Tangu mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu! Asubuhi hali chai, mimi namwambia anadeka. Na kinachomkaba si mtihani tu, bali kwamba mwakani yeye na mashoga zake wawili hawajui nani atapangiwa shule gani, kama Riley aliyeambiwa na wenzake kwamba hawatakuwa naye sekondari. Miezi yote hiyo hakuwa na la kuniambia mpaka alipomwona kidubwasha cha chungwa.

Mnasemaje?

Mwalimu wa Darasa la Tano

Pole dada, na mtoto mpongeze kwa kusema. Ila nina neno. Kwenye filamu hiyo hiyo Riley anaingia ofisini kwa kocha usiku, anafungua daftari na kusoma alichoandikiwa. Nani kamwadhibu? Hakuna. Lawama zote kabebeshwa Wasiwasi. Mimi nina mwanafunzi hajamaliza hesabu, namuuliza, ananijibu "si mimi mwalimu, ni yule wa chungwa". Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka, lakini hesabu zilibaki vile vile.

Jingine: wazazi wa Riley wako wapi? Wanampeleka kambi ya mpira wa magongo, wanakuja kumchukua. Siku tatu mtoto anaungua ndani kwa ndani hakuna mkubwa aliyemgusa bega. Filamu inataka tuamini kwamba mtoto atajitibu mwenyewe kutoka kichwani.

Kaka wa Ilala

Mnachambua katuni kama rufaa ya mahakama kuu. Wangu walimcheka yule wa mkoba wa kiunoni, mimi nikasinzia. Tusonge.

Shangazi wa Pangani

Usingizi wako, kaka, usiufanye hoja. Waliotengeneza hawakubahatisha. Mwongozaji Kelsey Mann na wenzake walishauriana na wanasaikolojia, akiwemo Lisa Damour, ambaye kazi yake ni wasichana wa umri huo huo. Na filamu imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hiyo si mkoba tu uliowavuta watu.

Langu mimi ni la somo, yule kungwi wa mwari. Nimekuwa somo wa wasichana wanne. Binti alikuwa na mtu wake, si mama, si dada, mtu wa kumwambia yale yasiyosemeka mezani, na somo naye anajua lipi aambiwe leo, lipi lingoje. King'ora cha balehe hakijui hilo, kinawalilia wote waliopo sebuleni. Huyo wa miaka sita hakuuliza balehe ni nini? Ulimjibuje?

Binti Kisauni

Mama Nuru, kesi yote hii umeileta wewe na tafsiri yako, wallahi. Hilo bonge si Aibu! Aibu ni ya aliyefumaniwa. Yeye hajafanya kosa, anaona soni tu, na mtu kuona soni kwetu Mombasa ni pambo.

Na huyo wa chungwa ndiye umempa jina la kumtia Bibi kiwewe. Woga tayari yumo, kazi yake ni kile anachokiona. Huyu anahangaikia kisichoonekana, cha kesho na kesho kutwa. Mwite Kiherehere. Si moyo ukidunda mbio twasema nina kiherehere cha moyo? Na mtu ajitiaye kupanga mambo ya watu bila kuitwa, si ndiye huyo huyo? Neno moja limebeba yote mawili, na shetani hayumo.

Mama Nuru

Binti Kisauni, Mungu akuweke. Nimempelekea Bibi jina jikoni, kacheka mpaka kaweka mwiko chini. "Kiherehere? Huyo namjua, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu." Lakini msidhani amesalimu amri. Jana usiku kamsomea mjukuu wake, kapuliza kwenye glasi ya maji, na mtoto kanywa. Sikumzuia. Na leo mimi nimekwenda kuongea na mwalimu wake wa darasa, jambo nililopaswa kulifanya mwezi wa tatu.

Mwalimu, la daftari la kocha umenishinda. Wangu naye kavunja sahani akaanza "si mimi", nikamwambia Kiherehere akikusaidia kuvunja, akusaidie na kufagia. Ila la wazazi wa Riley silikubali wala silikatai, maana mimi nilikuwepo nyumbani kila siku na sikuona kitu.

Shangazi, aliuliza. Nikamjibu kama Furaha mwishoni mwa sehemu ya kwanza, walipokiona kile kitufe cha balehe: labda si kitu muhimu. Nicheke tu.

Sasa kuna ugomvi mpya. Mwishoni Riley anafungua simu kuona kama kachaguliwa timu, anatabasamu, filamu inakwisha. Mimi nasema kachaguliwa. Binti yangu anasema hakuchaguliwa ila hajali tena. Bibi anataka jibu kabla hajapanda basi Jumatatu.