Mustang 289 au Camaro 327, zote za 1967: nichukue ipi?

Mpenda V8:
Wakuu, habari zenu. Nimepata magari mawili ya 1967, yote otomatiki: Ford Mustang yenye V8 ya 289 na Chevrolet Camaro yenye 327 (namba hizo ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo). Kabureta zote ni za matundu mawili, breki ni drum magurudumu yote manne. Nataka gari la kuendesha kila wikiendi, si la kufunika turubai, na kazi ndogondogo nitafanya mwenyewe. Ipi inakwenda vizuri, na ipi itanimaliza mfukoni?

Fundi Platini:
Mkuu, kwa hesabu za kiwandani wanakaribiana: 289 hiyo ilitangazwa kwa nguvu farasi 200, 327 kwa 210. Lakini ukiendesha utasikia tofauti kubwa kuliko hiyo. Pistoni zina kipenyo kilekile, inchi 4, ila za Chevrolet zinasafiri inchi 3.25 na za Ford 2.87. Ndiyo maana 327 inavuta tangu chini bila kulazimishwa. Kinachoipunguzia raha ni giaboksi: Camaro otomatiki ya injini hiyo ilikuja na Powerglide, gia mbili tu. Mustang ina C4 ya gia tatu. Powerglide naiheshimu hata hivyo, haina mambo mengi ndani.

Kwa matunzo mimi niko na Mustang. Distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, iko mbele ya injini; platini zilizo ndani yake, zinazokata na kuunganisha umeme huo, unazifikia umesimama wima. Ya Chevrolet iko nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kabini, unalalia fenda.

Ila kabla hujatoa hela, angalia kutu. Chukua jagi la maji, mimina taratibu kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha inama upapase zulia la miguuni, upande wa dereva na wa abiria. Likilowa, chemba iliyo chini ya matundu hayo imeoza. Kuifikia ni kutoa fenda, kutoboa pointi za welding moja moja, na kushona upya. Hapo ndipo hela huishia, injini ni rahisi.

Camaro Damu:
Fundi, umeionea. Kifuniko cha distribyuta ya Chevrolet kina kidirisha: unakisukuma juu, unaingiza ufunguo wa elo (ule wa pembe sita) na kurekebisha platini injini ikiunguruma. Ford haina hicho.

Ubaya wa Camaro ya 1967 uko nyuma. Springi ni ya bapa moja, ukikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli inarukaruka. Mwaka 1968 wakaweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake kupunguza hilo. Kagua pia chini ya kioo cha nyuma na sakafu ya buti, na bushi zinazoshikilia fremu ya mbele kwenye bodi. Zikichakaa, milango na fenda havikai kwenye mstari.

Mpenda V8:
Asanteni sana. Na breki, niziache?

Fundi Platini:
Yoyote utakayochukua, weka diski mbele kabla ya kugusa kabureta. Drum zikipata moto kwenye mteremko zinapoteza nguvu, na gari hizi ni nzito. Nzuri ni kwamba za 1967 masta silinda yake, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina vyumba viwili. Mfumo mmoja ukivuja, mwingine unabaki.