Kizibao kinachosimulia Mji Mkongwe: GPS, Bluetooth au NFC?

BintiShangani: Wanajukwaa, ninashona kizibao kitakachomsimulia mgeni historia ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kila anapofika mahali husika. Ndani yake kuna ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa), moduli ya GPS inayotambua mahali kwa mawimbi ya setilaiti, na kicheza sauti kinachosoma kadi ya microSD. Pale bustani ya Forodhani, penye uwazi, kinafanya kazi vizuri, lakini nikiingia vichochoroni kinasimulia nyumba ya mtaa wa pili. Nibaki na GPS, nihamie Bluetooth, au nitumie vibandiko vya NFC, vinavyosomwa kwa kukisogeza kifaa karibu kabisa?

FundiRedio: Dada, moduli yako haina kosa. Usahihi wa mita 2.5 unaotajwa kwa moduli kama NEO-6M ni wa mahali penye anga wazi. Baina ya kuta ndefu za mawe, mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye antena, na kila nanosekunde 10 za kuchelewa huzaa kosa la takribani mita 3. Antena ishonee begani, itazame juu, kwa sababu mwili nao huzuia mawimbi. Halafu weka mipaka miwili: sauti ianze mtu akiwa ndani ya mita 15, isikatike mpaka avuke mita 25. Ukiweka mpaka mmoja, mtu aliyesimama palepale mpakani ataanziwa kisa kilekile mara kwa mara, kwa sababu vipimo vya GPS huyumba.

Mkunazini_Juu: Kwa vichochoro mimi ningechagua vitoa ishara vidogo vya Bluetooth vinavyotumia betri ya CR2032, ingawa navyo vina kasoro yake: maji ya mwilini hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, hivyo mtu akikipa mgongo kitoa ishara, kizibao hudhani yuko mbali. Chukua wastani wa vipimo kadhaa kabla ya kuamua. NFC husomeka kwa sentimita chache tu, kwa hiyo inafaa makumbusho. Nakusihi usibandike chochote kwenye milango ya nakshi. Mji huu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na gundi huharibu mbao. Omba ridhaa ya wenye maduka, uviweke vitoa ishara ndani.

BintiShangani: Ahsanteni sana. Basi GPS itatawala penye uwazi, na kizibao kikinasa Bluetooth, hiyo ndiyo itakayofuatwa. Je, sauti itokee wapi?

FundiRedio: Shonea spika ndogo kwenye kola, upande mmoja. Usimzibe mgeni masikio yote mawili, kwani vichochoroni pikipiki hutokea ghafla.