Kukutana na pengwini chini ya maji, Simon's Town

Mzamiaji wa Nungwi:
Wakubwa shikamooni. Nimezoea kuzamia Unguja, ambako vazi jembamba linatosha, na Septemba ninakwenda Cape Town kwa mara ya kwanza. Natamani sana kuwaona pengwini wakiwa majini, si ufukweni tu. Je, mpiga mbizi hukutana nao kweli, na afanye nini wakimjia?

Baba Neema:
Marahaba. Hukutana nao, ila kwa bahati, na mara nyingi ni kwa sekunde chache. Kundi la pengwini wa Boulders, ufukwe wa Simon's Town karibu na Cape Town, lililoanza na jozi 2 tu mwaka 1982, hutoka alfajiri kwenda kuvua na wengi hurejea alasiri. Mimi nilikuwa mita 4 chini, kando ya majabali, nikaona mstari wa mapovu meupe ukinipita kabla sijamwona ndege mwenyewe. Ni hewa iliyobanwa kwenye manyoya yake, inayomtoka akiwa anazama. Akarudi, akanizunguka, akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, nami nikaiona vizuri ile ngozi ya waridi juu ya jicho na madoa meusi ya kifuani, ambayo kila pengwini ana yake. Usimfuate, kwani humpati. Tulia, kunja mikono, pumua taratibu. Akitaka, atakuja mwenyewe. Maji ni ya baridi kali, kwa hiyo tafuta vazi la milimita 7 lenye kofia.

Mama wa Pwani:
Naongeza jambo moja, nalo kwangu ni zito kuliko vazi. Oktoba 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, kwa kuwa jozi zinazozaa hazifiki 10,000, na sababu kubwa ni uhaba wa sadini na dagaa anaowategemea. Anayerejea alasiri huenda amebeba chakula cha kinda tumboni. Ukielea mbele ya njia yake ya kupandia nchi kavu, atasita majini, na kinda litaendelea kungoja.

Mzamiaji wa Nungwi:
Ahsanteni sana. Hilo la njia ya kurudia sikuwa nimelifikiria kabisa. Basi nitazamia asubuhi, mbali na sehemu wanayopandia, na ifikapo alasiri nitakuwa nimeshatoka majini.