Kengele ya dakika 4 kutoka kwenye terminali

Muulizaji, Moshi
Habari za kazi, ndugu zangu. Katika chumba chetu cha kuonja kahawa tuna kompyuta mpakato yenye Ubuntu. Tukishamimina maji ya moto, tunasubiri dakika 4 ndipo tuvunje utando wa unga unaoelea juu ya kikombe, na meza huanza kwa kupishana. Simu haziruhusiwi ndani. Naomba amri fupi itakayopiga kengele na kunijulisha ni meza ipi iliyofikia muda, bila kusakinisha programu mpya.

Jibu la 1, Arusha
Shikamoo kwa walionitangulia. Amri ya msingi, ya kuandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), ni hii:

`(sleep 4m; paplay /usr/share/sounds/freedesktop/stereo/alarm-clock-elapsed.oga) &`

Alama ya `&` mwishoni huipeleka kazi nyuma ya pazia, hivyo unaweza kutegesha kengele ya meza inayofuata papo hapo. Hata hivyo, kengele zote zitalia mlio mmoja, nawe unahitaji kuzitofautisha. Afadhali kompyuta iseme yenyewe, kwa kuandika mstari huu ndani ya faili la `~/.bashrc` na kufungua terminali upya:

`meza() { (sleep 4m; spd-say -l sw "meza ya $1") & }`

Kisha andika `meza pili` au `meza tatu` mara tu unapomimina maji. Herufi `sw` huiagiza isome kwa matamshi ya Kiswahili. Sauti ni kavu, lakini inaeleweka. Andika namba kwa maneno, kwani ukiweka 2 itatamka "meza ya mbili".

Jibu la 2, Moshi
Naunga mkono, ila naomba mzingatie kwamba kompyuta ikilala, `sleep` nayo husimama kuhesabu, kwa hiyo kifuniko kisifungwe hadi meza ya mwisho itakapotangazwa. Wala msitegemee `printf '\a'`, maana terminali nyingi huja zikiwa zimezimiwa mlio huo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, kengele ya kila siku ya kazi, saa kumi jioni?

Jibu la 2, Moshi
Andika `crontab -e`, inayofungua ratiba ya cron (programu inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa), uongeze:

`0 16 * * 1-5 XDG_RUNTIME_DIR=/run/user/1000 spd-say -l sw "muda wa kufunga"`

Cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ndiyo maana ni 16, na `1-5` ni Jumatatu hadi Ijumaa. Namba 1000, yaani namba ya mtumiaji wa kompyuta, ithibitishe kwa `id -u`, kwa sababu ikikosewa hutasikia chochote.