Ukoo wa Bi Kidawa: safari ya Rukia

*Alhamisi*

Shangazi Mwajuma 07:12
Asalaam aleikum ukoo. Viza ya Rukia imetoka, nilisema tangu juzi, mkasoma mkanyamaza. Narudia. Muhula wa baridi huko Ann Arbor, Michigan, unaanza Januari mpaka mwisho wa Aprili. Ada analipa hapa hapa chuoni kwake, maana ni mwanafunzi wa kubadilishana. Chumba, chakula, bima na tiketi ni juu yetu. Bima ni sharti la viza yake ya J-1, haina mjadala.

Shangazi Mwajuma 07:13
Kila nyumba laki 2. Nani yupo?

Shangazi Mwajuma 07:41
Mmeamka?

Bamdogo Hamisi 09:55
Waaleikum salaam dada. Mimi naona Rukia aje kwangu alale kwenye friji la samaki wiki moja, azoee 😂

Da Asha 09:57
😂😂 Ba'mdogo, atatoka kagandana na nguru

Shangazi Mwajuma 09:58
Hamisi, laki 2.

Bamdogo Hamisi 10:06
Nakupigia dada

Rukia 10:20
Shikamooni. Kuna jambo la tiketi. Ile nafuu ya KLM, inayopita Amsterdam mpaka Detroit, inanifikisha tarehe 1. Bweni linafunguliwa tarehe 4, na wameandika wazi hawapokei mtu kabla. Wakala amenishikia nafasi mpaka Jumamosi saa 6 mchana. Nifanyeje?

Mama Nasra 10:34
📷 Picha
Koti la baridi, nimelikuta Karume, elfu 35. Lina kofia yake

Da Asha 10:36
Hilo la Lushoto mamdogo, Michigan halifui dafu 😂

Bamdogo Hamisi 10:37
Wanaingia wawili humo, apangishe upande mmoja

Rukia 11:02
Jamani, bweni.

Bamkubwa Rashidi 13:31
Nitachanga. Kwanza nisomewe daftari la mwaka ule. Salim alipoondoka niliuza ng'ombe wawili wa Muheza. Hesabu mpaka leo sijaiona.

Shangazi Mwajuma 13:33
Kaka, hayo tuliyamaliza kwenye arobaini ya baba.

Bamkubwa Rashidi 13:34
Uliyamaliza wewe.

Mama 13:52
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Bamdogo Hamisi 13:58
Tukirudi kwenye friji…

Salim Columbus 20:47
Asalaam aleikum. Huku mchana, niko mapumziko kazini. Shikamoo Mjomba Rashidi, shikamooni wote.
Rukia, pesa weka kwenye viatu visivyopitisha maji. Theluji inayeyuka mchana, usiku inaganda, njia ya miguu inakuwa kioo. Wanamwaga chumvi, inakula ngozi ya kiatu. Koti zito utalipata huku kwenye maduka ya mitumba. Ndani kuna joto mpaka unatoka jasho, kwa hiyo vaa nyepesi nyepesi kadhaa, uwe unavua.
Januari jua linachomoza saa 2 asubuhi, saa 11 na robo jioni limezama. Lile giza linamwingia mtu. Mama yake ampigie kila siku, hata dakika tano. Saa 2 usiku huko, huku ni saa 6 mchana.
Nyama ya halali ipo Dearborn, mji wa jirani na Detroit, Waarabu wamejaa pale.

Da Asha 20:52
Na Ramadhani?

Salim Columbus 20:53
Itamkutia huku. Mwezi wa 3 saa zinasogezwa mbele, zikisogezwa wakati wa mfungo futari inaruka kwa saa nzima. Asishtuke.

Shangazi Mwajuma 20:54
Salim mwanangu, utampokea tarehe 1?

Salim Columbus 20:59
Toka huku Columbus, Ohio, mpaka uwanja wa Detroit ni masaa matatu kwa gari, barabara ikiwa safi. Siku hiyo nina zamu. Naomba ruhusa, nitawajibu.

Bamkubwa Rashidi 21:03
Salim, ng'ombe wangu unawajua?

Salim Columbus 21:10
Nawajua Mjomba.

*Ijumaa*

Da Asha 06:30
Bibi kaniambia niandike kama anavyosema:
"Mimi Kidawa. Rashidi, wale ng'ombe walikuwa wa baba yenu, na mimi ndiye niliyekutuma ukawauze. Mwenye deni aje anidai mimi. Mwajuma, pesa ya mtoto safari hii itakaa kwa mama yake. Na mtoto wa kike hatalala uwanjani ugenini kwenye baridi hiyo. Asipopata wa kumpokea, haondoki. Nimemaliza."

Bamkubwa Rashidi 11:15
Nimesikia mama.

Bamkubwa Rashidi 11:16
Nimemtumia mama Rukia laki 4.

Mama 11:40
Imefika shemeji. Ahsante sana.

Rukia 12:08
Shikamoo Bibi. Wakala anasema ipo tiketi nyingine inayofika tarehe 4 yenyewe. Imezidi laki 3.

Shangazi Mwajuma 12:10
Sawa, tumtii mama. Salim akipata ruhusa tunalipa ya tarehe 1. Asipopata, nani anaongeza hizo laki 3?

Shangazi Mwajuma 14:25
Naona mmesoma watu 19.

Salim Columbus 16:05
Ndio naingia kazini. Msimamizi hajafika. Nisubirini.

Bamdogo Hamisi 17:20
Mimi nimo, laki 2 na ya juu. Jumatatu.

Shangazi Mwajuma 17:21
Hamisi, wakala anafunga kesho saa 6.

Bamdogo Hamisi 17:48
Niko mnadani dada, nakupigia