Ndege za zamani kwenye picha: uamini simu, namba ya ubavuni, au umbo la bawa?

Kibo_Kusini (Moshi): Wakuu, habari za jioni. Nimerithi boksi la picha za babu, alikuwa fundi picha hapa mjini. Moja imenikosesha usingizi: ndege ya mabawa ya ghorofa (moja juu, jingine chini), injini mbili, imeegeshwa kwenye nyasi, mlima uko nyuma. Ubavuni inasomeka VR-T, herufi zilizobaki zimezibwa na mabwana wawili waliovaa kofia. Kuna wanaosema nianze na Google Lens, ile ya simu inayotambua vitu kwenye picha, wengine namba ya usajili, wengine umbo. Ninyi mnaanzia wapi?

Mdudu_wa_Njiro: Lens, kaka. Bure na haina maneno mengi. Nilishaipa picha ya DC-3, ile ndege maarufu ya zamani ya abiria, iliyokatwa nusu ikaitambua hapo hapo.

Mzee_Kisongo (Arusha): DC-3 hata muuza karanga wa stendi anaijua. Simu inalinganisha picha yako na zilizojaa mtandaoni, basi. De Havilland Rapide zilitengenezwa zaidi ya 700 na baadhi zinaruka hadi leo, kwa hiyo ukiionyesha ndege yoyote ya ghorofa yenye injini mbili itakujibu Rapide. Na akili mnemba ndiyo balaa: mara nyingi haisemi "sijui", inakupa jina na mwaka bila kupepesa macho.

Mimi naenda kwa utaratibu wa watazama-ndege wa Uingereza wakati wa vita ya pili: bawa, injini, kiwiliwili, mkia. Kwa picha yako anza na ncha ya bawa. Bawa la Rapide linapungua upana kadiri linavyokwenda nje, mwisho wake umechongoka. La Dragon, kaka yake wa 1932, lina upana uleule mwanzo mpaka mwisho, ncha ya mviringo. Kisha tazama miguu. Rapide imevalishwa suruali pana, yaani kifuniko cha miguu, inayoshuka moja kwa moja kutoka kwenye injini, tairi linachungulia tu chini. Kwenye Dragon za mwanzo vyuma vya miguu viko wazi. Halafu Rapide ina injini za Gipsy Six, silinda sita mstari mmoja, ndiyo maana pua ya injini ni ndefu. Dragon ina Gipsy Major ya silinda nne.

Panga_Boi: Shikamoo mzee. Usiisahau Dragonfly, ndugu yao mwingine wa De Havilland! Hata 70 hazikufika. Ukiona kati ya injini na kiwiliwili hakuna waya wala nguzo, ni hiyo. Waliacha nafasi abiria apande bila kujikunja.

Namba_Kwanza: Umbo linakupa aina, namba inakupa ndege yenyewe. VR-T ni Tanganyika, VP-K Kenya, VP-U Uganda. Baada ya uhuru zikaja 5H, 5Y na 5X. Kwa hiyo nusu namba tu imeshakutoa kwenye miaka ya sabini. Ila inasema ilikosajiliwa, haisemi picha ilipigwa wapi. Ile ndege ndogo Dornier Do 27 ya akina Grzimek, watafiti wa wanyama wa Kijerumani, ilizunguka Serengeti na namba ya Kijerumani, D-ENTE, mpaka ilipoanguka Januari 1959.

Mzee_Kisongo: Na watu wanaitambua ile kwa mistari ya punda milia! Rangi anapaka yeyote. Do 27 ina bawa la juu lisilo na nguzo hata moja, Cessna 180 ina nguzo kila upande. Hapo hakuna ubishi.

Kibo_Kusini: Marahaba kwa darasa, wazee wangu. Nimeichungulia kwa lenzi ya babu. Bawa halipungui, ncha ni duara, na vyuma vya miguu naviona, kimoja kina tope. Lens nayo inang'ang'ania Rapide.

Mdudu_wa_Njiro: Haya, nimenyamaza. Kwa DC-3 bado naitetea.

Namba_Kwanza: Dragon basi, na ya mwanzo. Negativu, yaani filamu, haikugeuzwa wakati wa kuchapa?

Kibo_Kusini: Herufi zinasomeka sawa.

Mzee_Kisongo: Kwa wasio na herufi, mlima unasaidia. Ukiwa Moshi, kati ya vilele vya Kilimanjaro, Kibo iko kushoto, Mawenzi kulia. Ukiona kinyume chake, ama negativu imegeuzwa ama mpiga picha alikuwa upande wa Kenya. Wengi wanabishana kuhusu mkia wa ndege wakati jibu liko kwenye theluji.

Panga_Boi: Hiyo naiba, mzee.

Namba_Kwanza: Kibo_Kusini, skani upya sehemu ya katikati ya wale mabwana kwa dpi 1200 (nukta kwa inchi), usitumie kamera ya simu. Hata kipande cha herufi ya nne kinatosha kupunguza orodha, maana Dragon hazikuwa nyingi, nami nitapekua rejista za Air-Britain, chama cha Uingereza cha wapenzi wa historia ya ndege. Geuza na nyuma ya picha, mafundi wa zamani walikuwa wanaandika kwa penseli.

Kibo_Kusini: Nyuma kuna gundi ya albamu. Nailoweka au naiacha?

Panga_Boi: Acha! Usitie maji. Iskani hivyohivyo, kisha imulike kwa taa kutoka ubavuni, penseli huacha alama.