Nimelipia GB 50, mlango wao unapitisha MB 1, halafu naambiwa nifute kache!

Wakuu, habari za mihangaiko. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Jina la kampuni silitaji, ugomvi wetu bado mbichi.

Nina mteja, ofisi ndogo ya wapima ardhi. Wanapandisha ramani na hati walizoskani kwenye mfumo niliowatengenezea, na miaka miwili hatujawahi kugombana. Wiki iliyopita hawa jamaa wanaotukodisha seva wakaweka prokisi, yaani seva ya mlangoni inayopokea kila ombi kwanza, mbele ya seva za wateja wote, eti kwa usalama wetu. Kesho yake saa mbili asubuhi simu inaita: "Fundi, mfumo wako unakataa faili." Picha ndogo zinapita, hati ya kurasa nyingi inagoma.

Huduma kwa wateja wakasema futa kache. Nikafuta. Badilisha brauza. Nikabadilisha. Basi ni mtandao wako. Nikanunua bando la mtandao mwingine kwa hela yangu, faili likagoma vilevile. Mhudumu wa tatu ndiye aliyenimaliza: nipunguze ubora wa skani. Ramani ya kiwanja! Namba za bikoni tusome kwa kukisia?

Nikaacha kubishana, nikapima mwenyewe. Faili la KB 1,000 linapita. La KB 1,100 linarudishwa na ukurasa mweupe umeandikwa 413 Request Entity Too Large, yaani ulichotuma ni kikubwa mno, na chini yake neno nginx, programu inayotumika sana kuendesha prokisi. Mfumo wangu hauna ukurasa wa hivyo, makosa yangu yote nimeyaandika kwa Kiswahili. Nikafungua logi za mfumo, yaani kumbukumbu za maombi yanayoingia, hakuna hata mstari mmoja, yaani ombi halikufika kabisa. Nikaingia ndani ya seva kwa SSH, nikatuma faili la MB 20 moja kwa moja kwenye poti ya mfumo bila kupitia prokisi. Likapokelewa bila hata kukohoa.

Wanaoijua nginx hapa wameshacheka. Hiyo client_max_body_size, mpangilio wa ukubwa wa mwisho wa kinachopokelewa, usipoigusa ni MB 1. Na kila faili lilipokataliwa, error.log ya prokisi yao ilikuwa inaandika "client intended to send too large body" na idadi ya baiti juu. Logi hiyo mimi siruhusiwi kuiona, wao wanaiona. Siku tatu hakuna aliyeifungua! Ni kubadilisha mstari mmoja, nginx -t kuukagua, reload, basi.

Nikawatumia ushahidi wote. Wakapandisha hadi MB 50, bila hata pole. Nikadhani yameisha.

Hayajaisha. Sasa mstari wa kupandisha unafika asilimia 100, kiduara kinazunguka, halafu 504, yaani prokisi imechoka kusubiri jibu la mfumo. Nimeshika saa ya simu mara tano, kila mara ni sekunde 60. Prokisi inalimeza faili lote kwanza ndipo inalikabidhi kwa mfumo. Mfumo nao unakata kurasa za hati moja moja, na hati nene inachukua dakika moja na nusu. proxy_read_timeout, muda wa prokisi kusubiri jibu, haijaguswa, bado ni zilezile sekunde 60, kwa hiyo prokisi inakata tamaa kabla sijajibu. Hapa na mimi nina kosa, najua, kazi hiyo ningeipeleka nyuma ya pazia na kumjibu mtumiaji mapema. Nitairekebisha. Lakini ilikuwa inafanya kazi hadi walipoleta dude lao.

Kibaya zaidi, faili linakuwa limeshahifadhiwa! Karani anaona 504, anatuma tena, na tena. Jana nimekuta hati ya kiwanja kimoja imo mara nne.

Nikafungua tiketi ya pili, nikaambatanisha picha za skrini. Wakuu, mfumo wao wa tiketi ukazikataa. Picha ilikuwa MB 1.3.

Mwenye kujua kampuni ya VPS (seva pepe za kukodi) inayomwachia mteja asimamie prokisi yake mwenyewe aje PM. Nahama mwisho wa mwezi.